Mgeni Asiyepewa Jembe

Kwenye makaburi ya wamisionari pale Bagamoyo kuna ukimya ambao hauko kwingine mjini. Wengi wa waliolala pale walitoka Ulaya wakiwa vijana, na homa iliwachukua wakiwa bado vijana. Mwaka jana nilikuwa huko nakusanya habari za majengo ya kale, nikamkuta kijana aliyevaa kandambili aking'oa majani kati ya misalaba. Nilidhani ni mtunza bustani. Kumbe ni frateri, yaani mseminari aliyetumwa mwaka mzima wa kazi za kichungaji kabla ya kurudi darasani. Ana miaka 24. Kwao ni Umatengo, milimani kwenye kahawa, na bahari hii ya chumvi aliiona kwa mara ya kwanza alipotumwa huku.

Nilimuuliza kwa nini anang'oa majani saa nane mchana, jua lile. Akacheka. "Dada, hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna atakayeniuliza wiki imekwendaje."

Wiki ilikuwa imekwenda vibaya. Nitaisimulia, kisha nitasema kwa nini imenikaa kichwani hadi leo.

Frateri ana daftari. Kila Jumamosi jioni anajaza ripoti: kaya alizotembelea, vipindi alivyofundisha, mafanikio, changamoto. Mlezi wake ataisoma, na kwa sehemu fulani ripoti hizo ndizo zitakazoamua kama anafaa kuendelea. Wiki ile alikuwa amepanga kufundisha hesabu na Kiingereza watoto wa Mlingotini, kijiji cha pwani ukishapita Kaole, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Si mafundisho ya dini. Wengi wa watoto wale ni Waislamu, na alishakubaliana na wazee kwamba ni masomo ya shule tu. Saa nne asubuhi, chini ya mti, kila siku.

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne walikuja wawili, wakakaa dakika kumi, wakaitwa, wakaondoka mbio. Jumatano mzee katekista anayeongozana naye aliamka na malaria, ikabidi aende peke yake, nauli ya bodaboda kutoka mfukoni mwake. Tena hakuna mtu. Akakaa chini ya mti na chaki zake hadi akapita bibi mmoja amebeba kamba begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unamsubiri nani?"

"Watoto, bibi. Tulikubaliana saa nne."

Bibi akamtazama kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuumiza. "Mwalimu, hili ni bamvua. Saa nne maji yamekupwa. Watoto wako baharini na mama zao, wanafunga mwani."

Frateri alikuwa hajui bamvua ni nini. Mlimani hakuna bamvua. Hakujua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hutoka mbali sana, na kwamba siku hizo chache ndizo za mkulima wa mwani kufika shambani kwake kwa miguu, kupanda au kuvuna. Alikuwa ameweka darasa juu ya saa ileile ambayo kijiji kizima kinaitegemea.

"Sasa nifanye nini, bibi?"

"Vua viatu."

Basi akavua. Alhamisi na Ijumaa akarudi tena, bila chaki. Alifundishwa kufunga mbegu ya mwani kwenye kamba na kuikaza kati ya vigingi. Alikuwa mzito wa mikono na watoto walimcheka waziwazi. Ijumaa akakanyaga kitu chenye miiba, na binti wa darasa la sita akamwambia amshike bega wakati wakimtoa miiba mmoja mmoja, wakampaka utomvu wa papai.

Hayo ndiyo yaliyompeleka makaburini Jumamosi mchana. Hakuwa na huzuni kubwa. Alikuwa na tatizo la uandishi. "Kipindi hata kimoja sijafundisha," aliniambia. "Niliowahudumia ni sifuri. Waliomhudumia frateri ni kama kumi na mbili. Sasa hii naiandika safu gani?"

Nilicheka, halafu nikaona kwamba sina jibu.

Wahenga wa pwani wana methali ambayo sote tunaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia kumkejeli mgeni mvivu. Lakini itazame upande wa pili. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia sasa wewe ni wa hapa; tunakutegemea, na tunajua zaidi yako kazi inafanywaje. Asiyepewa jembe ataheshimiwa, atalishwa, atapigiwa makofi, lakini atabaki mgeni. Na mgeni anayekuja na jembe lake mwenyewe, na shamba alilolichagua mwenyewe, na saa aliyoipanga mwenyewe, huyo tumuite nani?

Swali hilo pale Bagamoyo lina historia nzito. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu 1863 chini ya Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka kuja bara, wakaanzisha misheni upande wa kaskazini wa mji, pale penye njia ya miembe. Watumwa, wengi wao watoto, walikombolewa kwa fedha kutoka soko la Zanzibar, wakaletwa hapa wakalelewa, wakasomeshwa, wakafundishwa kazi. Waliokua wakaoa walipewa nyumba na kipande cha shamba, na makazi yao yakaitwa Kijiji cha Uhuru. Kipindupindu kikapita pwani mwanzoni kabisa mwa kazi hiyo. Aprili 1872 kimbunga kikabomoa walichojenga. Wakajenga tena.

Lakini uhuru ule ulikuwa na kengele. Kulikuwa na saa ya kuamka, ya kusali, ya kulima mashamba ya misheni, ya kulala. Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watumwa na chimbuko la Ukatoliki Afrika Mashariki, anaonyesha kwamba si wote walioridhika. Walikuwepo walionung'unika, na walikuwepo waliotoroka. Tafakari hilo kidogo: mtu anatoroka Kijiji cha Uhuru.

Hapa kuna jibu rahisi ambalo sisi wasomaji wa mitandaoni tunalipenda: wamisionari walikuwa mkono wa ukoloni, tufunge mjadala. Mimi jibu hilo halinitoshi. Mwaka 1868 Wajerumani walikuwa bado hawajafika. Zaidi ya hapo, mtoto aliyesimamishwa sokoni anahitaji mtu wa kumtoa leo hii. Historia ya itikadi haitamfaa kitu. Ukisema huduma ya kweli ni ile tu unayoombwa na mwenyeji, nitakuuliza: mwenyeji wa lile soko alikuwa nani? Alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Kama Horner angesubiri kupewa jembe na huyo, angesubiri hadi kaburini.

Kwa hiyo naona ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo methali imeyaweka pamoja. Mwenyeji si lazima awe mwenye mahali. Anayestahili kukupa jembe ni yule ambaye maumivu ni yake. Na pale ambapo huyo hawezi kusema, kwa kuwa ni mtoto, au amefungwa, au anakufa, dharura inakupa ruhusa ya kuanza bila kumuuliza. Lakini haikupi ruhusa ya kuendelea bila kumuuliza. Kosa la misheni, kwa maoni yangu, halikuwa kuwakomboa watoto bila idhini yao. Mtoto hakui siku zote mtoto. Alikua, akapata akili zake na matakwa yake, na kengele ikaendelea kulia vilevile. Siku ya tatu ilifika, mgeni akakataa kukabidhi jembe.

Sisemi haya kwa kukisia kwamba mambo yangeweza kuwa vingine. Mfano uko palepale uani, kwenye mnara wa kanisa la zamani ambao watu wanauita Mnara wa Livingstone. Mtalii anaambiwa kwamba mwili wa David Livingstone uliwekwa pale Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza. Sawa. Lakini ulifikaje?

James Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa mtoto, alikuwa kwenye msafara wa watumwa kule ambako leo ni Malawi, akakutana na kundi la wamisionari na Livingstone, wakamwachia huru. Hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa dharura. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, akaingia kama mtu wa kazi ya mshahara. Miaka ikapita. Mwaka 1866 wote wawili walianza na Livingstone safari yake ya mwisho. Mwaka 1873 yule mzee wa Kiskoti alikuwa hawezi hata kutembea. Wao ndio waliombeba. Akafa Mei mwaka huo kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Sasa angalia. Mwajiri amekufa. Hakuna wa kuwaamuru, hakuna wa kuwalipa, na kusafiri na maiti kulikuwa hatari kwenye nchi nyingi za njiani. Wao na wenzao wakaamua. Walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakatembea zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, kwa takriban miezi tisa. Karibu na Tabora walikutana na msafara wa Waingereza ulioongozwa na Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili hukohuko. Wakakataa. Nadhani kukataa kule ni moja ya matukio muhimu ya karne ile pwani hii, na halisimuliwi inavyostahili. Mtoto aliyeokolewa mwaka 1861 bila kuulizwa, mwaka 1873 ndiye anayejua kazi inayotakiwa na namna ya kuifanya, na Mzungu ndiye anayeshauri asikubaliwe. Jembe lilikuwa limeshabadili mikono.

Na ripoti ilisemaje? Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Kati ya wale wabebaji wote, aliyesafiri nao alikuwa Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki mmoja wa Livingstone, mazishi yakiwa yameshakwisha. Wakakaa na mhariri aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho za marehemu, wakamweleza yale ambayo hayakuandikwa. Yaani hata kwenye maandishi, pale kalamu ya mtumishi wa Mungu ilipoishia, iliendelezwa na kumbukumbu za waliombeba.

Sitaki kuupamba urafiki ule. Ulikuwa ndani ya mshahara, ndani ya amri, ndani ya rangi. Lakini nauliza tu: kwenye safu za daftari la kazi ya umisionari, tungewaweka wapi wale wawili? Chini ya waliohudumiwa, au chini ya waliohudumu? Safu hazitoshi. Na zisipotosha, tatizo liko kwenye safu.

Ndiyo maana wiki ya frateri haionekani kwangu kama wiki iliyopotea. Jumatatu alikuwa na kitu cha kutoa na hakuna wa kupokea. Ijumaa alikuwa ameshika bega la mtoto ambaye alikuja kumfundisha. Kati ya siku hizo mbili alijua kijiji kinaishi kwa saa ipi. Hilo usingelipata kwenye dodoso. Nasema hivi na mimi nikiwemo, maana nilikuwa nimekaa Bagamoyo siku sita na kinasa sauti, nikihesabu mahojiano, na sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja kama anataka habari yake iandikwe au ana kazi nyingine ya kunipa.

Sitasema kwamba kushindwa ni baraka. Watoto wale walikosa hesabu wiki nzima, na hesabu wanaihitaji. Frateri anaweza kuonekana mzembe kwa mlezi wake, na gharama hiyo ni ya kwake, mimi siilipi. Kuna watu wametumia lugha ya "kuwa pamoja na watu" kufunika uvivu. Kipimo changu ni kidogo tu: baada ya kupewa jembe, je, ulibadilisha saa ya darasa?

Aliibadilisha. Bibi ndiye aliyempangia: saa kumi jioni, maji yakiwa yamejaa na kila mtu yuko nyumbani. Jumatatu iliyofuata walikuja watoto tisa, na yule binti wa darasa la sita akiwa mbele.

Na ripoti? Nilimuuliza kwa simu. Alisema kwenye vipindi aliandika sifuri, kwa kuwa ndiyo kweli. Kwenye changamoto akaandika: sikujua bamvua. Safu ya mafanikio aliiacha wazi, akamwambia mlezi wake atamweleza kwa mdomo.