Mwili wa Mtoto na Amri ya Nne

Ndugu wapenzi, nanyi walimu wa sharika zetu za Tanzania,

Katika amri zote za Katekisimo Ndogo watoto wetu huikariri upesi amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, maana nyumbani wameisikia tangu kunyonya: itika uitwapo, mwamkie mkubwa, usibishane naye. Mafundisho haya ni mema, wala hatutaki kuyaondoa. Lakini mtoto aliyefundishwa kutii tu, atafanyaje siku ile mkubwa atakapomwamuru jambo ovu juu ya mwili wake?

Someni kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 13. Tamari hakukutwa na adui porini. Alitumwa na baba yake mwenyewe, mfalme Daudi, aende kumpikia Amnoni nduguye aliyejifanya mgonjwa. Akaenda kwa utii, akakanda unga, akaoka mikate. Hapo ndipo alipotendwa jeuri, ingawa alikataa kwa maneno ya wazi, tena ya akili. Kisha tazameni jamaa zake: Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa mtenda ni ndugu yake, naye Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni. Ikapita miaka 2, damu ikamwagika kati ya ndugu wale. Mlango huu husomwa mara chache kanisani, nasi twaona ni hasara.

Wala si habari ya zamani tu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2009 ulionyesha kwamba wasichana karibu 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walitendwa jeuri ya namna hii kabla ya kutimiza miaka 18.

Basi mtoto wa miaka 3 au 4, aogeshwapo, na aambiwe majina halisi ya viungo vyake pasipo mafumbo. Asiye na neno hawezi kushtaki. Ajue kwamba viungo vilivyofunikwa na nguo ya ndani havishikwi na mtu, ila na yule amwogeshaye, au daktari amtibuye mzazi akiwapo; na hao nao wakimtenda vibaya, aseme. Ajue tena kwamba siri ambayo mama hapaswi kuijua si ya kutunzwa, hata akipewa peremende. Akikataa kupakatwa na mgeni, asilazimishwe. Shikamoo yatosha kuwa heshima. Na mgeni asilazwe pamoja na watoto. Wengine watasema ni kumdharau mgeni. Na atandikiwe mkeka barazani, hajadharauliwa.

Nanyi walimu, mfundishapo amri ya nne, semeni wazi kwamba hakuna mkubwa, awe mjomba, awe mwalimu, awe mchungaji, aliyepewa na Mungu ruhusa ya kumtenda mtoto uchafu. Sisi nasi tusikae na mtoto mmoja peke yake nyuma ya mlango uliofungwa.

Mtoto akisema, asikilizwe. Asipigwe, wala asiulizwe mbona hakupiga kelele. Shauri lisimalizwe na wazee kwa mbuzi. Vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto, na simu ya 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Nguo zake zisifuliwe, naye apelekwe hospitali siku ile ile, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita.