Ujira wa Fundi

Kila kazi ina upande unaoonekana na upande usioonekana. Kazi ya mkulima hudhihirika kwa mahindi yake, na kazi ya mwashi hudhihirika kwa ukuta wake. Ukuta ukipinda, hata mtoto apitaye njiani huutambua. Lakini zipo kazi ambazo mwenye mali hawezi kuzikagua kwa kuwa hazifahamu. Katika kazi hizo mtu mmoja ana ujuzi, mwingine ana haja, na baina yao hakuna shahidi. Kutengeneza runinga za kioo bapa ni mojawapo ya kazi hizo. Na tuitazame, ili tujiulize swali hili: fundi ajuaye ana wajibu gani kwa mteja asiyejua?

Tuchukue mfano wa Matete, katika kaunti ya Kakamega. Hiyo ni nchi ya mahindi na miwa, na fedha za nyumba nyingi huja kwa msimu. Matangazo ya televisheni yalipoanza nchini Kenya mwaka 1962, chombo hicho kilikuwa mali ya watu wachache wa mijini. Siku hizi kimefika vijijini, na baada ya mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogi na kuhamia matangazo ya dijitali, runinga bapa zimezidi kuenea. Lakini magharibi mwa Kenya kuna radi nyingi, na umeme ukikatika huweza kurudi kwa kishindo. Basi ipo siku runinga iliyonunuliwa kwa fedha za mavuno hukataa kuwaka. Mwenyewe huifunika blanketi, huipakia kwenye pikipiki, na kuipeleka sokoni kwa fundi. Kuanzia hapo, mali yake imo mikononi mwa mtu mwingine, na hukumu juu ya ugonjwa wake imo kinywani mwa mtu huyo huyo.

Ugonjwa wenyewe aghalabu si mkubwa. Ndani ya runinga mna bodi ya umeme, ambayo hupokea volti 240 kutoka ukutani na kuzigeuza kuwa volti ndogo zinazofaa. Mna bodi kuu, ambayo ndiyo ubongo wake. Mna taa za nyuma. Na mbele yake kuna kioo. Kwenye bodi ya umeme zimo kapasita, vitu vidogo mfano wa vikopo, ambavyo kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuutuliza. Kapasita huzeeka kwa joto. Ikizeeka, kichwa chake huvimba, na chombo kizima huweza kunyamaza kwa sababu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliingia katika vyombo vingi ulimwenguni, navyo vikafa kabla ya wakati wake. Kwa fundi hodari, kuiondoa kapasita iliyovimba na kulehemu nyingine mahali pake ni kazi ya dakika chache.

Sasa tuseme kapasita hiyo ilinunuliwa kwa shilingi 50, na fundi akadai shilingi 2,000. Je, ameiba?

Wengi watajibu kwa haraka kwamba ameiba. Mimi sikubali. Mteja hakulipia kikopo peke yake. Amelipia miaka ya kujifunza, vidole vilivyoungua, mita ya kupimia, kodi ya kibanda, na zaidi ya yote amelipia kujua ni kikopo kipi kati ya vingi kilichokuwa kibovu. Kama twapima malipo kwa urefu wa muda na wingi wa jasho, basi fundi mjinga aliyehangaika siku tatu atastahili zaidi ya fundi mwerevu aliyemaliza kwa dakika kumi. Hiyo itakuwa hukumu ya kuadhibu ustadi na kutuza ujinga. Ujuzi una bei yake, na si aibu kuitaja, mradi itajwe mapema na isiwe ya kumkamua mwenye shida.

Lakini tuseme fundi huyo huyo amesema: “Bodi nzima iliungua; nimeweka mpya.” Fedha ni zile zile, runinga inawaka vile vile, na mteja anakwenda zake amefurahi. Wapo watakaosema kwamba hakuna aliyedhurika. Hoja hii ni tamu, na kwa sababu ya utamu wake yafaa kuchunguzwa vizuri.

Kwanza, mteja amenyang'anywa uamuzi. Lau angalijua ukweli, huenda angalikubali bei hiyo kwa moyo mweupe, au angaliomba apunguziwe, au angalikwenda kwa fundi mwingine. Hayo yote yalikuwa haki yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu. Sheria imeona kwamba asiyeambiwa ukweli hawezi kuchagua, hata kama mlango wa kuchagua u wazi mbele yake.

Pili, uongo huo hauishii siku ile. Mteja ataamini kwamba bodi ni mpya, naye atatumia fedha zake za kesho kwa kutegemea imani hiyo. Tatu, na hili fundi mwenyewe halitambui, uongo huo wamdhalilisha yeye. Asemaye kwamba ameuza bodi, hali aliuza ujuzi, amekiri moyoni mwake kwamba ujuzi wake hauna thamani mpaka uvishwe nguo ya kitu kingine.

Hata hivyo, si haki kumlaumu fundi peke yake. Tumsikilize naye ajitetee. Husema: “Nikisema ni kapasita ya shilingi 50, mteja hunipa shilingi 100 na kuniona mwizi nikidai zaidi. Nikisema ni bodi, hulipa bila neno.” Malalamiko haya ni ya kweli mahali pengi. Mteja akubaliye kulipia vitu lakini akatae kulipia akili huwafundisha mafundi kusema uongo, kisha hulalamika kwamba mafundi ni waongo. Kwa hiyo wajibu ni wa pande mbili: fundi na aseme ukweli, na mteja naye aulipe ukweli ujira wake.

Ipo pia dawa nyingine, nayo ni mteja kupunguza ujinga wake. Si lazima awe fundi. Yapo mambo ambayo kila mtu aweza kuyachunguza nyumbani bila kufungua kitu. Na ajaribu taa au kifaa kingine katika soketi ile ile. Labda mbovu ni soketi. Na aibonyeze swichi iliyo kwenye runinga yenyewe. Labda kilichokwisha ni betri za rimoti. Runinga ikitoa sauti lakini ikiwa giza, na azime taa za chumbani kisha amulike kioo kwa tochi, upande upande. Akiona picha hafifu sana, basi picha ipo. Kilichokosekana ni taa za nyuma za kuiangaza. Taa hizo mara nyingi huungwa kwa mfululizo, hata moja ikifa zenzake huzimika. Ama kioo chenyewe kikipasuka, gharama yake hukaribia bei ya runinga mpya, na fundi mwaminifu humwambia mteja: “Mzee, usipoteze fedha zako.” Neno hilo halimpatii fundi hata senti moja siku ile, lakini ndilo litakalomrudisha mteja kwake.

Hapo ndipo uchunguzi wa nyumbani ukome. Asiyefunzwa asifungue mgongo wa runinga, kwani kapasita kubwa ya bodi ya umeme yaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, nazo zatosha kuua.

Na hatari hii inatuonyesha jambo kubwa kuliko fedha. Fyuzi haikatiki bure; hukatika ili kuzuia madhara. Fundi asiyetafuta sababu, akaifunga fyuzi kwa kipande cha waya, ataiwasha runinga na kupokea ujira wake. Mteja hataona tofauti yoyote. Lakini mlinzi ameondolewa mlangoni, na hitilafu ikizidi, moto waweza kuzuka usiku watu wakiwa wamelala. Hivyo basi, asiyeona ndani hakumkabidhi fundi chombo tu. Amemkabidhi usalama wa watoto wake.

Kijana msomaji, huenda hutashika chuma cha kulehemu maisha yako yote. Lakini ukiwa tabibu, mgonjwa hataweza kuisoma damu yake. Ukiwa wakili, mteja hataifahamu sheria. Ukiwa mwalimu, mzazi asiyesoma hatajua ulilomfundisha mwanawe. Kila elimu unayoipata humweka mtu mwingine gizani mbele yako, amesubiri neno lako. Ukitaka kujua kama ujira wako ni wa haki, jiulize: je, ningalitaja bei hii, na kueleza kazi hii kwa maneno haya haya, kama mwenye mali angalikuwa anafahamu kila ninalolifanya? Ikiwa jibu ni ndiyo, pokea fedha zako bila haya, hata kama ulifanya kazi kwa dakika kumi. Ikiwa jibu ni hapana, basi fedha hizo umezipata kwa ujinga wa mwenzako, na ujinga wa mwenzako si mali yako.