Mgeni wa Kununua, Mgeni wa Kuuza

Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo rejareja, ufundi simu, saluni na uwakala wa fedha. Wengi Kariakoo walifurahi. Walikuwa wamechoka kumwona Mchina aliyeshusha kontena bandarini akikaa mwenyewe kwenye fremu na kuuza moja moja, kwa bei isiyofikiwa na aliyenunua kwake kwa jumla.

Nawaelewa. Darasani tunafundishwa kwamba anayefaidika na soko huria anaweza kumfidia anayeumia na bado akabaki na faida. Anaweza, ndiyo. Lakini nani amewahi kupita Mtaa wa Kongo akigawa hiyo fidia? Bei ikishuka, sote tunapata nafuu kidogo kidogo. Hasara anaibeba mtu mmoja, aliyekwisha kulipia fremu miezi mingi mbele.

Hata hivyo amri haikumtaja Mchina, ilimtaja asiye raia. Mrundi wa kutengeneza simu naye yumo, na Mkenya wa saluni. Kenya ililalamika, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawapa raia wa Jumuiya haki ya kufanya shughuli zao katika nchi wanachama. Tuliisaini sisi wenyewe. Mtanzania anayeuza Nairobi anaishi kwa sahihi hiyohiyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kariakoo (jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza) inapona kila siku kwa Wakongomani, Wazambia na Wakomoro wanaofunga mizigo. Huyo hatumuulizi pasipoti. Tunamtaka mgeni anunue, aondoke.

Utaniambia raia hana kwingine pa kwenda. Ni hoja nzito, na ndiyo iliyosikika mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, watu wakinung'unika kwamba Kenya inafaidi zaidi. Mpaka ulifungwa hadi 1983. Lakini aliyemuumiza mchuuzi wa Kariakoo ni mtaji wa kontena. Sheria ingeupima mtaji huo, ingemwacha Mrundi na meza yake. Sasa leseni yake ikiisha muda haihuishwi, na mwenye kontena atamtafuta raia wa kuandikisha fremu kwa jina lake.