Akiba haiozi?

Wazee wetu walituachia neno: akiba haiozi. Sisi tuliokulia katika kambi za wafanyakazi wa Katanga tumelisikia tangu utoto, na ni kwa nguvu yake wengi wetu tulisomeshwa. Lakini leo tunapenda kuuliza: mtu akiisha kufika, nyumba iko, watoto wamesoma, bukari haikosi mezani, je, aendelee kufunga mkono vilevile?

Katika kartie yetu kuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi. Alijenga nyumba tatu, mbili akapangisha. Hata hivyo chai alikunywa bila sukari, na bibi yake aliendelea kuuza makala sokoni. Mama yule aliomba kitu kimoja tu: feza ya treni, aende Kamina kumuona dada yake. «Ngoja kwanza, mama ya batoto,» mzee alimujibu, «mwaka kesho.» Ikapita miaka minne ya mwaka kesho. Halafu habari ikafika kwamba dada amekufa. Feza ya treni ilipatikana siku ile ile, na ya sanduku pia. Tulipokwenda kumupa pole, mama alisema neno moja: «Kumbe ilikuwako.»

Hatumucheki mzee. Anayemucheka hajui mahali alipotoka. Tarehe 25 Desemba 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena, na watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kipimo. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Aliyepita katika mambo hayo anashika feza kwa woga. Lakini tuangalie vizuri: mambo hayo yalipiga nani zaidi? Yalipiga wale waliolaza feza ndani ya nyumba. Kumbe akiba nayo inaoza.

Basi, tule tu? Hapana. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ile «départ volontaire», wakalipwa kwa mara moja. Tuliona waliofungua shamba ao duka. Tuliona pia waliomaliza yote kwa pombe na motokari, wakabaki kuomba ya unga.

Jibu sisi tunaliona jikoni. Mama anachagua mahindi mazuri, anayatundika juu ya moto ili moshi uyakinge na fukusi. Ile ni mbegu. Hata njaa ikikaza, mtoto haigusi. Lakini mahindi mengine ni ya kula, ya kupokea wageni, ya kutengeneza munkoyo siku ya furaha. Kuyaacha mpaka fukusi waingie si hekima, ni hasara. Na likelemba iko vilevile: mama kumi wanatoa kila mmoja dola 10 kwa mwezi, mmoja anakamata 100. Zamu yake ikifika, hakuna anayesema: «Sikamati, tuendelee kutoa tu.» Kutoa bila siku ya kukamata, hiyo si likelemba tena.

Kwa hiyo, ndugu zetu, feza ya ugonjwa, ya masomo ya wajukuu na ya uzee, tuitundike juu ya moshi, mtu asiiguse. Ile inayobaki tuipe jina na siku: hii ni safari ya mama, mwezi wa saba, hii ni meza ya ndugu, siku ya mwaka mpya. Kwenye kilio sisi wote tunajua kutoa, hata yule mwenye mkono mugumu. Tujifunze kutoa wakati mwenyewe anaweza kushukuru.

Siku hizi mzee yule anatia sukari katika chai ya bibi yake. Katika ya kwake, bado.