Nyumba na Kivuli Chake Majini

Lugha yetu ina neno moja, kivuli, kwa giza limfuatalo mtu juani na kwa sura yake ionekanayo majini. Basi yafaa tujiulize: je, kivuli cha nyumba majini ni nakala tu, kisichoongeza lolote juu ya nyumba?

Msafiri atokaye Same kwenda Mwanga huwa na milima ya Upare kuumeni. Kushotoni, uwandani, lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani. Wavuvi wanakaa kandoni mwake. Maji yakitulia, kila kibanda huwa viwili, walakini havilingani. Cha majini huonyesha upande wa chini wa paa, penye fito na kamba, ambao mtazamaji aliye ng'ambo hauoni vema. Maji huonyesha nyumba kama ambavyo ingeonwa na jicho lililo chini yake, kwa kadiri ileile jicho letu lilivyo juu.

Mchoraji afanyeje na mashahidi wawili hawa? James McNeill Whistler, Mmarekani, alikaa Venice tangu 1879 hata 1880, akichora nyumba zisimamazo majini. Alikwangua kwa sindano nta iliyofunika bamba la shaba, tindikali ikala mistari, ikatiwa wino, bamba likagandamizwa karatasini. Kwa chapa hiyo kulia huwa kushoto, naye hakujali. Venice yake imegeuka pande.

Wako wamshtakio uwongo kwa hilo. Shtaka hili nalitupa, kwani halimdhuru ila atafutaye njia. Liko lililo zito zaidi: alipenda kuta zilizolika na milango ya maskini. Mvuvi wa bwawani, ambaye maji hupanda na kushuka mlangoni pake, haoni uzuri katika paa livujalo. Mwenye sindano huondoka na uzuri, naye hubaki na mvua.

Nionavyo, dhuluma haimo katika kuuona uzuri huo. Imo katika kuzilainisha fito zilizooza ili kivuli kipendeze, yaani kumnyamazisha shahidi wa majini aliyeona chini ya paa. Katika picha ya Whistler iitwayo The Doorway, jumba lenye nakshi limekuwa karakana ya viti. Viti vyaning'inia gizani ndani, na msichana ameinama kwenye maji, kazini. Nakshi hazikumzuia kuchora viti. Hapo, nadhani, amelipa walau nusu ya deni.