Anayetaka Kuhamia Biashara Asikilizwe

Vyuo vikuu vyetu vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, huwa na foleni mbili. Ya usajili kila mtu anaijua. Ya pili hujipanga mbele ya ofisi za idara: vijana wa mwaka wa kwanza wenye fomu za kuhama kozi mkononi. Wanatoka ualimu, sosholojia, kilimo, lugha, na wengi wanaelekea upande mmoja: BCom, yaani shahada ya biashara, uhasibu, fedha na benki.

Nataka kuwatetea vijana hawa, kwa sababu maneno tunayowaambia nyumbani mara nyingi si ya haki. Tunasema hawana msimamo, wanafuata mkumbo, wanakimbilia pesa. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini tukumbuke uamuzi wao wa kwanza waliufanya lini. Mtoto wa Kitanzania huanza kuchagua njia akiwa kidato cha nne, anapotaja tahasusi anazozitaka za kidato cha tano, au kombi kama wenyewe wanavyoziita: PCB, HGL. Hapo wengi bado hawajafika hata miaka 18. Kombi hiyo ndiyo itakayomfungulia kozi za chuo au kumfungia, na programu nyingi za biashara bado zitamrudisha kwenye cheti cha kidato cha nne kutazama alama yake ya hisabati. Kisha akifika chuoni, dirisha la kuhama liko wazi wiki chache za mwanzo tu. Hajafanya jaribio hata moja, hajamjua mhadhiri hata mmoja, na anatakiwa awe ameshatambua kwamba hapa si pake.

Mpwa wangu alikuwa kwenye foleni hiyo. Alipangiwa ualimu, akataka uhasibu. Shemeji yangu alinipigia simu usiku, akiomba nizungumze na binti kabla mambo hayajaharibika. Hofu yake ilikuwa na msingi. Binti ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, na mwanafunzi anayehama kozi taarifa zake zisipofika huko kwa wakati, boom, yaani pesa ya kujikimu, huchelewa na ada huleta mgogoro. Tena kwa shemeji, ualimu ni kazi ya uhakika.

Nilipoonana na mpwa wangu sikumhubiria. Nilimuuliza anaendea nini huko. Akanijibu, "Mjomba, tangu nikiwa darasa la sita mimi ndiye ninayemwandikia mama daftari la dukani. Najua nani anadaiwa, najua kitenge kipi hakitoki. Nisichokijua ni kwa nini mwisho wa mwezi daftari linasema kuna faida, na mama hana hela ya kuagiza mzigo."

Kwangu jibu hilo lilitosha. Faida iliyoko kwenye daftari na isiyoonekana mfukoni ni kiini cha somo zima la uhasibu. Kampuni kubwa zimeanguka kwa kutolielewa. Mwanafunzi anayeingia darasani na swali lake mwenyewe, alilolibeba kutoka nyumbani, ni bahati kwa mhadhiri yeyote. Shemeji nilimwambia hivyo, na nilimwambia pia kwamba uhakika anaousema ni wa zama zetu. Hata chuoni biashara ilichelewa: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza mwaka 1961 na kitivo cha sheria. Kitivo cha biashara na menejimenti kilikuja 1979, miaka 12 baada ya Azimio la Arusha. Tulikua tukijua mwajiri ni serikali na mashirika ya umma. Binti yake amekulia dukani.

Alijaza fomu. Idara aliyopangiwa ikasaini kumwachia. Idara aliyoitaka ikalinganisha alama za waombaji na nafasi zilizobaki, kisha orodha ikabandikwa ubaoni: namba ya usajili, na mbele yake, "Haikukubaliwa." Hakuna zaidi.

Sidai kila anayeomba apewe. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huweka ukomo wa wanafunzi kwa kila programu kwa kuangalia wahadhiri na miundombinu, na darasa la uhasibu lililofurika halimsaidii mtu. Ninachokipinga ni kumpima kijana kwa alama za zamani peke yake, tena mapema hivyo.

Wenzetu nao wamehangaika na jambo hili. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Marekani, kina shule ya biashara tangu 1898. Leo inaitwa Haas. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliingia chuoni kupitia idara nyingine, akasoma masomo ya msingi, kisha akaomba biashara akiwa mwaka wa pili ili aanze mwaka wa tatu. Utaratibu huo ulimpa muda wa kujifahamu, na mimi naupenda kwa hilo. Lakini ulikuwa na machungu yake pia: mtu aliishi miaka miwili bila kujua kama atakubaliwa, akihesabu kila alama. Mwaka 2024 Haas ikaanza kupokea wanafunzi wanaotoka moja kwa moja sekondari kwa programu ya miaka minne. Muda mrefu mno humtesa mwombaji, na muda mfupi mno humkosesha nafasi ya kuonyesha anachoweza. Katikati ya hapo pana mwaka mmoja, na huo ndio ninaouomba kwa vyuo vyetu: mwishoni mwa mwaka wa kwanza nafasi chache zitengwe, mwombaji apimwe kwa GPA aliyoipata chuoni na kwa maelezo yake ya kile anachokiendea.

Wazazi nao wajue kwamba mlango wa uhasibu si BCom peke yake. Mitihani ya CPA, cheti cha mhasibu wa kitaalamu, iko chini ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu iliyoundwa mwaka 1972, na mwenye shahada isiyo ya uhasibu naye ana ngazi yake ya kuanzia. Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa pili wa ualimu na njia hiyo ameshaifuatilia.

Na lipo dogo ambalo chuo chochote kinaweza kulitekeleza mwaka huu bila bajeti mpya. Anayekataliwa apewe barua yenye sababu. Akiambiwa ni hisabati ya kidato cha nne, anaweza kuirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akiambiwa nafasi zilijaa, atajua kwamba sifa anazo, na ataamua mwenyewe kama aombe chuo kingine msimu ujao au amalize alichoanza. Mpwa wangu hadi leo hajui ni lipi kati ya hayo mawili.