Fidla juu ya Ziwa Mweru

Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa chisense, dagaa wa Mweru, humetameta mbele ya mji wa Nchelenge, Zambia. Mpiga filamu akiipa picha hiyo fidla, mtazamaji ataona sala; akiipa ngoma nzito, ataona hatari. Taa ni zilezile.

Nani basi anasema kweli?

Godfrey Reggio, aliyewahi kuwa bruda wa Kikatoliki, aliligusa swali hilo katika filamu yake Powaqqatsi (1988), isiyo na mazungumzo. Wachimba dhahabu wa Brazili wanapanda mlima na viroba vya udongo; mmoja amezimia, wenzake wamembeba, na muziki wa Philip Glass unavuma kwa shangwe. Jasho linageuka ibada.

Mvuvi wa Mweru hasikii fidla; husikia maji yakipiga ubao wa mtumbwi tu. Utukufu unaoletwa na muziki ni wake, au ni wa aliyeketi sinemani?